Mbwa wa Miguu Mitatu

Asubuhi moja ya mwezi wa Machi watu wa lokesheni yetu, chini ya milima ya Nyandarua, walikusanyika kwenye josho la ng'ombe. Hawakuja na ng'ombe siku ile, bali na mbwa, kwa kuwa ilikuwa ni siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Bwana wa mifugo alisimama na sindano yake penye lango, nami nilikuwa nimeketi kwenye meza ndogo chini ya mti, daftari limefunguliwa mbele yangu. Kazi yangu ilikuwa kuandika jina la mwenye mbwa, rangi ya mbwa, umri wake, na kama ni dume au jike. Safu ilikuwa ndefu, mbwa walibweka, watoto walicheka, na vumbi lilikuwa jingi.

Karibu na meza yangu alikuwapo kijana wa shule, mwenye umri wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu. Mbwa wa kwao alikuwa amekwisha kuchanjwa, naye alikuwa akimngojea mjomba wake. Aliniomba kipande cha penseli nilichokuwa nimekiacha mezani, akaokota fomu moja iliyoharibika ambayo niliitupa chini, akaketi juu ya jiwe. Sikumwangalia tena. Baada ya muda mfupi, kiasi cha kuandika majina matatu, nikaita jina la mzee mmoja katika safu. Mzee akasogea mbele na mbwa wake wa kahawia. Mara nikasikia kicheko nyuma yangu.

Kijana alikuwa amemchora mbwa wa yule mzee, nao vijana wenziwe walikuwa wamemnyang'anya karatasi. "Tazameni!" akasema mmoja, "mbwa huyu ana miguu mitatu. Wa nne umeliwa na fisi?" Mwingine akasema kwamba mbwa yule hana jicho. Mjomba wa kijana akafika, akamgombeza mbele ya watu wote, akisema kwamba alimleta pale kushika mbwa, si kuchezea karatasi za Serikali. Nami, wasomaji, sijivunii niliyoyatenda. Nilicheka pamoja na wale wengine, kisha nikanyosha mkono nikaichukua ile karatasi na kile kipande cha penseli, nikasema kwa sauti ya ofisini kwamba hapa si mahali pa michezo. Kijana akainama asiseme neno.

Mzee peke yake ndiye ambaye hakucheka. Aliniomba karatasi ile aitazame, akaishika mbali na uso kama wafanyavyo wazee waliosahau miwani nyumbani. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Huyu ni Askari. Tazama bega lake, karani." Akanirudishia karatasi, akamvuta mbwa wake penye sindano. Mimi niliitia karatasi ndani ya daftari ili iwe alama ya ukurasa, nikaendelea na kazi.

Bega la Askari

Jioni, nilipokuwa nikijumlisha hesabu ofisini, nilikuta kwamba katika daftari langu mlikuwa na mbwa madume wa rangi ya kahawia kumi na wanne. Yule wa mzee alikuwa mmoja wao. Niliandika "dume, kahawia, miaka 9", na maneno hayo yalikuwa kweli tupu, lakini mtu asingeweza kumtambua mbwa yule kwa maneno hayo miongoni mwa wenziwe. Ndipo nikaichukua tena ile karatasi.

Picha yenyewe ilikuwa na mistari michache sana. Nilijaribu kuihesabu, nikapata kumi na minane au kumi na tisa. Mstari mmoja mrefu ulianzia kisogoni, ukashuka mgongoni hadi mwanzo wa mkia bila kuinuliwa. Sikio moja lilisimama na jingine likaanguka. Pua ilikuwa alama mbili nzito. Miguu miwili ya mbele ilikuwapo na mmoja wa nyuma, lakini mahali pa mguu wa nne palikuwa na mstari mfupi uliokatika ghafula. Jicho kweli halikuwapo, bali palikuwa na kivuli kidogo chini ya paji, na nilipokitazama vizuri niliona kwamba mbwa yule alikuwa akimtazama mtu.

Na bega je? Bega la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia, na uzito wote wa mbwa ulikuwa umeegemea upande mmoja. Siku chache baadaye nilikutana na mzee dukani, nikamwuliza. Akanieleza kwamba miaka minne nyuma Askari alipigwa teke na ng'ombe usiku, alipokuwa akifukuza fisi zizini, na tangu siku hiyo hakuketi sawasawa tena. Kijana hakuijua habari hii. Hakuambiwa na mtu ye yote. Aliona kwa macho yake, na mkono wake ukaandika kile macho yalichoona. Mimi niliyekuwa na daftari, na ambaye mbwa huyo alipita mbele yangu umbali wa dhiraa mbili, sikuona kitu.

Katika shule ya misheni niliyosoma tulifundishwa kuchora jagi, kitabu na sanduku kwa rula, tukifuta na kusawazisha mpaka karatasi ikatoboka. Mchoro mzuri, kwa mawazo yetu, ulikuwa ule uliokamilika na kuwa safi. Kwa kipimo hicho picha ya kijana ilistahili sifuri. Lakini ziko picha za namna mbili, na kila moja yahitaji kipimo chake. Picha iliyokamilika ni kama hati ya shamba: yapasa ioneshe kila mpaka. Mchoro wa haraka ni kama salamu ya mtu umpendaye anayepita njiani akiwa katika gari. Husikii maneno yote, lakini wajua hakika ni nani aliyekuita, na wajua kama ana furaha au ana huzuni.

Waswahili husema kwamba haraka haraka haina baraka, na wengi wataitumia methali hii kuulaumu mchoro wa namna hii. Lakini tusidanganyike. Mkono wa kijana ulikwenda haraka, lakini macho yake hayakwenda haraka. Alikuwa amemtazama mbwa yule tangu asubuhi, katika safu ndefu, wakati sisi wengine tulipokuwa tukipiga kelele.

Kalamu ya risasi

Kwa kuwa habari hii ilianza na kipande cha penseli, si vibaya tukikifahamu chombo chenyewe. Wazee wetu wa pwani waliita penseli "kalamu ya risasi", na Waingereza hata leo huiita ile sehemu nyeusi kwa jina la madini hayo hayo ya risasi. Wote walikosea kwa namna moja, kwa sababu ndani ya penseli hamna risasi hata chembe. Mna madini meusi laini yaitwayo grafiti. Katika karne ya 16 madini haya yalipatikana kwa wingi, tena safi kabisa, mahali paitwapo Borrowdale katika milima ya kaskazini ya Uingereza, na wachungaji wa huko waliyatumia kutilia kondoo wao alama.

Mwishoni mwa karne ya 18 Ufaransa ilikuwa vitani na Uingereza, na Wafaransa hawakuweza kupata grafiti ya Borrowdale. Ndipo Mfaransa Nicolas-Jacques Conté, mwaka 1795, alipopata kibali cha ugunduzi wake: kusaga grafiti iwe unga, kuichanganya na udongo wa mfinyanzi, na kuichoma katika tanuri kama chungu kinavyochomwa. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari wake hafifu. Grafiti ikizidi, penseli huwa laini na mstari wake mweusi. Hiyo ndiyo sababu ya herufi mnazoziona kwenye penseli. H ni ya ugumu, B ni ya weusi, na ile HB ya watoto wa shule iko katikati.

Na mbao zake? Hapa wakulima wa nchi ya juu watafurahi. Mtarakwa wetu, mti ule ule tunaoutumia kwa nguzo za ua kwa kuwa mchwa hawaupendi, huitwa na Waingereza "mwerezi wa penseli", kwa sababu mbao zake ni laini kwa kisu na hazipasuki ovyo. Zamani za ukoloni mbao za mtarakwa zilikatwa katika misitu yetu zikapelekwa ng'ambo kutengenezewa penseli. Basi yawezekana kabisa kwamba mtoto wa London alimchora mbwa wake kwa kipande cha mti uliokua Nyandarua.

Wachoraji mashuhuri na mbwa wao

Mtu asifikiri kwamba kuchora mbwa ni mchezo wa watoto tu. Edwin Landseer, aliyezaliwa London mwaka 1802 na kufa mwaka 1873, alikuwa mchoraji wa wanyama mwenye sifa kubwa kuliko wote katika Uingereza ya siku zake. Simba wanne wa shaba walioko Trafalgar Square, ambao wasafiri wengi wamepigwa picha mbele yao, ni kazi yake, nao waliwekwa pale mwaka 1867. Baba yake, John, alikuwa fundi wa kuchonga picha katika bamba za shaba. Alipoona kwamba mwanawe mdogo anapenda kuchora, hakumnyang'anya penseli. Alimchukua mpaka mashamba ya Hampstead, akamwacha achore kondoo, mbuzi na punda waliokuwa wakilisha. Mwaka 1815, Edwin akiwa na umri wa miaka 13, kazi zake ziliwekwa katika maonyesho ya Royal Academy.

Moja katika picha zake za rangi, ya mwaka 1837, yamwonesha mbwa wa mchungaji aliyekufa. Nyumba ni tupu. Jeneza limefunikwa blanketi, na mbwa ameweka kidevu chake juu yake. Hakuna mtu mwingine. Picha ile imekamilika kila unyoya, lakini nguvu yake yatoka katika jambo moja tu, nalo ni namna kichwa cha mbwa kilivyolala. Jambo hilo hulijui kwa kukaa chumbani na rula. Hulijui ila kwa kuwatazama mbwa miaka mingi na kuwachora upesi kabla hawajaondoka.

Mwingereza mwingine, David Hockney, aliyezaliwa Bradford mwaka 1937, alikuwa na mbwa wawili wa miguu mifupi, aina ya dachshund, walioitwa Stanley na Boodgie. Katika mwaka 1995 aliwachora mara nyingi sana katika nyumba yake huko California, na mwaka 1998 picha hizo zikatolewa katika kitabu. Hockney wakati ule alikuwa mtu mashuhuri katika dunia nzima, lakini mbwa hawakulijua hilo. Mlango ukibishwa waliruka. Chakula kikinukia walikwenda zao. Ikambidi aweke karatasi na rangi tayari mahali mbalimbali nyumbani, chini karibu na mbwa walipopenda kulala, ili awahi. Basi mchoraji mkubwa na kijana wa kwenye josho wote wana bwana mmoja, naye ni mbwa asiyetulia.

Namna ya kutazama, na namna ya kujaribu

Huenda msomaji akauliza: nitaujuaje mchoro mzuri wa haraka na mchoro wa ovyo, ikiwa yote miwili ina mistari michache? Mimi si bingwa, lakini nitaeleza niliyojifunza kwa kuitazama karatasi moja kwa muda wa mwaka mzima.

Kwanza, tazama uzito. Mbwa aliyechorwa vizuri ameketi juu ya ardhi kweli, na waweza kuonesha kwa kidole mguu gani unaomchukua. Katika mchoro wa ovyo mbwa huelea kama shati katika kamba.

Pili, tazama mguu wa nyuma. Hapa wengi hujikwaa. Twadhani kwamba goti la mbwa limepindwa nyuma, lakini sivyo. Mbwa hutembea kwa vidole, na kile kifundo kinachotokeza nyuma ni kisigino chake. Goti lenyewe liko juu zaidi, karibu na tumbo, nalo hupinda kwa mbele kama la mtu. Mwenye kujua jambo hili huuchora mguu kwa mistari miwili ukawa hai. Asiyejua huchora mguu wa meza.

Tatu, tazama kama mistari yote ni sawa. Mchoraji mzuri hukandamiza penseli pale palipo uzito na kivuli, na huiinua pale penye mwanga. Mstari wa mgongo wa Askari ulikuwa mwembamba juu, palipopigwa jua, na mnene penye bega lile baya.

Nne, na hili ndilo kubwa, uliza: je, huyu ni mbwa fulani, au ni mbwa tu? Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wengi wetu tuna macho na bado twahitaji kuambiwa.

Anayetaka kujaribu hahitaji fedha nyingi. Penseli ya 2B yatosha, na karatasi iliyoandikwa upande mmoja. Anza na mbwa aliyelala, maana huyo hukupa nafasi. Mtazame kwanza kwa muda bila kuchora. Kisha vuta mstari wa mgongo kwa mara moja, kutoka kisogoni hadi mkiani, ndipo utie kichwa, bega na nyonga. Usifute. Ukikosea, chora mwingine pembeni. Mbwa akiondoka, iache picha hapo ilipofika wala usiimalizie kwa kubuni, kwa kuwa utakachobuni kitakuwa mbwa wa mtu mwingine.

Mwaka uliofuata

Machi ilipofika tena, tukarudi kwenye josho. Kwa muda wa mwaka mzima karatasi ile ilikuwa imekaa katika daftari langu, na kila nilipolifungua niliitazama. Lakini yule kijana sikumwona tena na penseli. Nilipata habari kwamba tangu siku ile alipochekwa hakuchora tena mbele ya watu, na kwamba mjomba wake aliona jambo hilo ni jema.

Yule mzee alifika mapema, peke yake, bila mbwa. Alisimama mbele ya meza akavua kofia. "Karani," akasema, "nimekuja ulifute jina la mbwa wangu, usinisubiri. Amekufa mwezi wa Januari. Alilala mlangoni usiku, asubuhi hakuamka." Nikasema pole. Nikafungua daftari kutafuta ukurasa wake, nao ulifunguka wenyewe pale palipokuwa na ile karatasi. Mzee akaiona.

Hakuniomba. Alisimama tu akiitazama, nami nikaona kwamba hakuwa na picha nyingine ya mbwa yule, wala simu yake haikuwa ya kupiga picha. Miaka tisa ya ulinzi wa zizi, na kilichobaki duniani ni maneno yangu matatu na mistari kumi na tisa ya kijana niliyemdhihaki.

Karatasi haikuwa yangu kuitoa. Nikamwita yule kijana, ambaye alikuwa katika safu na mbwa wa kwao, nikamweleza mbele ya watu wale wale kwamba mwaka uliopita nilikosa, na kwamba picha ile ni yake, naye ndiye atakayeamua. Kijana akaona haya sana. Akasema kwa sauti ndogo, "Mpe babu. Lakini ngoja kwanza niumalizie ule mguu, wasije wakamcheka."

Nikampa penseli. Lakini mzee akaweka kiganja chake juu ya karatasi. "Acha, mjukuu wangu," akasema. "Hapo ndipo karani aliponiita, nami nikatangulia. Alikuwa akiinuka anifuate."

Hakuna aliyecheka. Kijana aliandika jina lake kwa herufi ndogo pembeni, kama mzee alivyotaka, na mzee akaitia karatasi ndani ya bahasha anamowekea kitambulisho na stakabadhi zake za maziwa. Mimi nilipiga mstari juu ya jina la Askari katika daftari, tukaendelea na safu. Penseli sikuidai. Na mjomba, aliyekuwa amesimama karibu na lango, aliona yote asiseme kitu. Lakini walipokuwa wakienda zao nilimwona akilishika dafu la kamba ya mbwa yeye mwenyewe, ili mikono ya kijana iwe huru.

Basi, wasomaji, ninyi mlio wazazi, na ninyi mlio makarani kama mimi: mkimkuta mtoto ameinamia karatasi na penseli, mtazameni kwanza anachokitazama, ndipo mseme. Karatasi za kutupa ni nyingi ofisini. Mbwa hakai muda mrefu.